Kiazi kwanza, majina ya Kigiriki baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyejiita Mzazi Mwenye Uchungu. Alilalamika kwamba binti yake, aliye mwaka wa kwanza wa stashahada ya uuguzi, amepata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya maikrobiolojia, somo la viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambalo wanafunzi wenyewe huliita Maikro. Akauliza kwa nini mtoto anayekwenda kuchoma sindano na kutandika vitanda alazimishwe kukariri majina ya wadudu ambayo hata kuyatamka ni kazi. Akapendekeza somo lipunguzwe, wabaki nalo watu wa maabara.

Mtu wa maabara ndiye mimi. Nimestaafu miaka mitatu iliyopita baada ya kukalia kiti cha hadubini tangu 1984, na sasa nafundisha kwa vipindi katika vyuo vya afya hapa Mwanza, pale wanaponikumbuka. Ninaishi Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, hivyo upepo ukigeuka harufu ya dagaa huingia mpaka chumbani bila hodi. Namwambia mzazi mwenzangu kwamba nusu ya uchungu wake ni uchungu wangu pia. Nusu nyingine naikataa.

Mwaka juzi niliitwa kushika nafasi ya mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Darasa la watu sabini na ushei, wako wiki ya tisa. Madaftari yamejaa Staphylococcus aureus, Streptococcus pyogenes, Escherichia coli, yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu na mengine kwa kijani. Nikauliza nani amewahi kumwona bakteria. Kimya. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Madamu, kwani si hawaonekani?"

Nikaomba hadubini. Ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mtu aliyesafiri kwenda Geita. Ulipopatikana, siku ya tatu, ikatoka hadubini nzuri, mpya, bado imo ndani ya nailoni yake ya dukani, na lensi zake zimeota fangasi kama utando wa buibui. Viumbe pekee wa Maikro waliowahi kufaidi hadubini ile walikuwa wale walioota juu yake. (Wenye vyuo mnisikilize: hapa kandokando ya ziwa hadubini haifunikwi nailoni ikasahauliwa. Iwekeni kwenye kabati lenye balbu ndogo inayowaka, unyevu ukauke. Balbu ni bei ya sahani ya chipsi.)

Nikawapa jaribio dogo: chora bakteria. Msichana mmoja, tena mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, akachora kitu chenye miguu sita na vipapasio viwili. Sikumcheka. Kiswahili chetu kimewapa inzi, funza, minyoo na bakteria jina moja, "wadudu", na mgonjwa akija anasema ana wadudu kwenye mkojo. Kama hujawahi kuonyeshwa, utachora nini zaidi ya mende?

Kwa hiyo hapo, Mzazi Mwenye Uchungu, tuko pamoja. Kukariri jina la kitu ambacho hukijui umbo, ukubwa wala tabia ni sawa na kukariri orodha ya abiria wa meli usiyoipanda. Mwanao hakufeli Maikro. Hajafundishwa bado.

Kesho yake niliyaacha madaftari nikawapeleka Mwaloni kwa maneno. Nikawaambia: bakteria wa kawaida ana urefu wa kama mikromita 1, maana yake ukipanga elfu moja kwenye mstari wanafika milimita 1. Sasa tumkuze mpaka awe sawa na dagaa wa sentimita 5. Tukikuza kila kitu kwa kiasi hichohicho, chembe nyekundu ya damu inakuwa sato wa sentimita 35. Yai la kichocho cha tumbo linakuwa mtumbwi wa mita 7. Na kirusi cha mafua? Punje ya mtama iliyodondoka ndani ya mtumbwi huo, milimita 5 tu. Yule kijana wa nyuma akataka kujua mtu mwenyewe angekuwa na ukubwa gani. Tukakokotoa ubaoni: mtu wa mita 1.7 angekuwa na kilomita 85. Kichwa kiko Kirumba, miguu imeshapita Magu. Darasa likacheka, na sidhani kama yupo atakayesahau.

Na watoto wa huku hawahitaji kuambiwa kwamba wavu wa dagaa si wavu wa sangara. Dawa nazo ni hivyo. Amoksilini huvunja ujenzi wa ukuta wa bakteria. Kirusi hana ukuta huo, hivyo mwenye mafua anayekwenda duka la dawa kununua vidonge vya rangi mbili anavua punje ya mtama kwa wavu wa sangara. Anachokipata ni kuua bakteria wasio na kosa tumboni mwake na kuwaachia nafasi wale sugu. Niliuliza nani hajawahi kuoga ziwani utotoni. Hakuna mkono uliopanda. Basi kichocho tukakimaliza haraka: ni mnyoo, si bakteria, anatoka kwa konokono, anapenya ngozi, yai lake lina mwiba ubavuni, na prazikwanteli humuua mnyoo mkubwa ila haikuzuii kuambukizwa tena ukirudi majini Jumamosi.

Halafu tukaanza kutazama. Hadubini niliazima kwa rafiki, ile ya chuo ikaenda kwa fundi. Somo la kwanza halikuhitaji mgonjwa wala fedha. Kila mmoja alichukua kijiti cha meno, akakwangua ule utando mweupe jino linapokutana na ufizi, akaupaka kwenye slaidi na tone la maji, akauacha ukauke, akaipitisha slaidi juu ya mwako wa spiriti mara tatu. Kisha rangi: kristali vayoleti dakika 1, ayodini dakika 1, alkoholi sekunde chache tu, safranini dakika 1. Msingi wa njia hii uliwekwa na Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin mwaka 1884. Safranini iliongezwa na wengine baadaye. Mama zetu wanaijua kanuni yake bila kusoma. Fua vitenge viwili vya zambarau: kimoja hakichuji, kingine kinachuja. Bakteria wenye ukuta mnene hawachuji, wanabaki zambarau, hao ni Gramu chanya. Wenye ukuta mwembamba wanachuja, kisha wanavikwa uwaridi wa safranini, hao ni Gramu hasi.

Tone la mafuta, lensi ya mia, jicho la kumi, jumla mara 1,000. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya kivuko cha Kamanga siku ya gulio, na kila aliyeinama hakutaka kuinuka. Vipunje vya zambarau, vijiti vya uwaridi, vingine vimejisokota kama skrubu. Msichana wa miguu sita akaziba mdomo kwa kiganja: "Madamu, hawa wote wamo kinywani mwangu? Na nimepiga mswaki!" Nikamwambia kwamba mwaka 1683 muuza vitambaa mmoja wa Delft, Uholanzi, jina lake Antoni van Leeuwenhoek, alikwangua meno yake mwenyewe na kuona hayohayo kwa lensi aliyoisaga kwa mkono. Hakuwa daktari, na chuo hakukanyaga.

Ile alkoholi ya sekunde chache ndiyo inayotoa watu jasho. Mwaka 1986, nikiwa bado mgeni kazini, niliimwaga juu ya slaidi huku nasimuliana na mwenzangu habari za harusi. Usaha wa mgonjwa uliokuwa na vipunje vya zambarau ukachuja wote, nikaona uwaridi mtupu, nikaandika Gramu hasi na kusaini. Mkuu wangu alikuwa na tabia ya kurudia slaidi za wageni. Aliniita, akaniwekea slaidi mbili, yake na yangu, akaondoka kwenda kunywa chai. Nilizitazama nusu saa nzima. Kwa karatasi yangu, daktari angechagua dawa ya kundi lisilohusika, na mgonjwa yule kidonda kingeendelea kumla. Siku hizi nikiona mwanafunzi anapaka rangi huku simu iko sikioni, naichukua simu.

Sasa kiazi. Kabla watu wa Robert Koch, daktari Mjerumani aliyechunguza bakteria, hawajapata chakula kizuri cha kuoteshea bakteria, Koch aliona kwamba kwenye kipande cha kiazi mviringo kilichochemshwa, kikiachwa wazi, huota madoa yenye rangi tofauti, na kila doa lina aina moja tu ya kijidudu. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Kwenye supu bakteria wote wanachanganyikana kama abiria stendi ya Buzuruga. Juu ya kiazi kila ukoo unakaa kwenye boma lake, unaweza kuuchota peke yake na kuusoma.

Nilinunua viazi pale Kirumba, tukavichemsha, tukakata vipande kwa kisu kilichopitishwa motoni, kila kipande kwenye kikombe cha plastiki chenye mfuniko. Kimoja kiliguswa na kidole kilichotoka kushika simu. Cha pili, kidole kilichooshwa kwa maji matupu. Cha tatu, kidole kilichooshwa kwa sabuni sekunde 40 na kukaushwa. Cha nne hakikuguswa. Kwa joto la Mwanza hatukuhitaji kabati la kuoteshea. Siku ya tatu tulikuwa na majibu. Cha simu kilikuwa na madoa meupe, ya manjano, moja la rangi ya chungwa. Cha maji matupu hakikupishana nacho sana. Cha sabuni kilikuwa na madoa mawili matatu.

Na kile cha nne, ambacho hakikuguswa na mtu? Kilikuwa na ngozi nyeupe imekunjamana kama shuka la asubuhi, kuliko vyote! Darasa lilifurahi sana, si unajua wanafunzi wakimpata mwalimu. "Madamu, umefeli." Nikawaambia hapana, hapo ndipo somo lilipo. Kiazi hutoka udongoni, na udongoni wamo bakteria wa jamii ya Basilasi ambao mambo yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora. Maji yanayochemka, nyuzi 100, hayawaui. Wanangoja kiazi kipoe, wanaamka, wanakula. Ndugu yao mmoja ndiye anayewaharisha watu kwa kiporo cha wali uliolala kwenye sufuria jikoni. Binamu yao wa mbali ndiye wa pepopunda. Ndiyo maana mkasi wa kukatia kitovu hauchemshwi kwenye birika ukaitwa salama. Unaingia kwenye otoklevu, mvuke wa mgandamizo, nyuzi 121, dakika 15 kwa uchache. Nimefundisha spora kwa maandishi miaka mingi na hakuna aliyenielewa kama walivyonielewa mbele ya kiazi kilichoniaibisha.

Vikombe hatukuvifungua. Tulivitia jiki vilivyo, vikalala, ndipo vikaenda shimoni. Na nisieleweke vibaya: kiazi ni cha mikono ya watu wazima wenye afya njema tu. Usaha na makohozi ya mgonjwa hayapandwi darasani.

Huyo Koch, nikumbushe kidogo, si mtu wa vitabuni tu kwetu sisi. Mwaka 1906 alikuja kwenye ziwa hilihili, akapiga kambi visiwa vya Ssese upande wa Uganda kuchunguza malale, na akawa anawadunga watu dawa ya atoksili, yenye aseniki. Wapo waliopofuka kwa dawa hiyo. Hilo nalo nawaambia wanafunzi. Picha ya mzee mwenye ndevu na miwani isiwatishe. Nawaambia pia kwamba agari, ile jeli tunayooteshea bakteria dunia nzima hadi leo, haikutoka kichwani kwake. Gelatini waliyokuwa wakitumia iliyeyuka siku za joto, na baadhi ya bakteria waliila. Fanny Hesse, mke wa daktari mmoja wa maabara yake, ndiye aliyependekeza agari ya mwani, kwa kuwa alikuwa akiitumia jikoni kugandishia jemu. Agari inahitaji nyuzi karibu 85 kuyeyuka, na ikiganda imeganda, hata kwa jua la Mwanza. Jina la Fanny limo katika vitabu vichache. Wasichana darasani huandika hiyo bila kuambiwa waandike.

Nikiwa hapo sasa, nije kwenye nusu ninayoikataa.

Mzazi Mwenye Uchungu anadhani Maikro inaanzia kwenye mlango wa maabara. La. Maabara hupima kile ilicholetewa, na anayekileta ni binti yake. Ngoja nimpe mfano wa mkojo, maana mkojo ndio umenilisha.

Muuguzi anampa mgonjwa kikopo. Kama hakumweleza ajisafishe kwanza, auache mkojo wa mwanzo uende, akinge wa katikati, kile kikopo kitabeba bakteria wa ngozi. Tuseme wapo 1,000 kwa kila mililita. Si kitu, ni wapita njia. Ila leo kuna foleni, kikopo kinawekwa dirishani tangu saa mbili asubuhi, jua linapiga. Mkojo ni chakula kizuri kwa bakteria. Tuseme wanaongezeka maradufu kila nusu saa, na wapo wanaokwenda kasi kuliko hiyo. Saa mbili na nusu wako 2,000. Saa tatu, 4,000. Saa tatu na nusu, 8,000. Saa nne, 16,000. Saa nne na nusu, 32,000. Saa tano, 64,000. Saa tano na nusu mhudumu anakumbuka, anakileta maabara kikiwa na 128,000. Na mpaka wetu wa kawaida wa kusema huyu ana maambukizi ni 100,000 kwa mililita. Mimi nikiotesha, kesho yake naona uwanja umejaa, naandika nilichokiona. Daktari anasoma, anaandika dawa. Mama wa watu anakunywa dawa siku tano au saba kwa ugonjwa uliozaliwa dirishani.

Kila aliyehusika amefanya kazi yake. Hakuna aliyedanganya. Kilichokosekana ni mtu mmoja kujua kwamba kikopo kifike ndani ya saa mbili, la sivyo kiingie kwenye friji. Hilo limo katika Maikro ya mwaka wa kwanza, na asiyeelewa kwa nini atalisahau siku ya kwanza wodi ikifurika.

Ni vivyo hivyo kwa damu ya kuotesha: ngozi isiposafishwa kwa spiriti ikaachwa ikauke, tunaotesha bakteria wa ngozi na kumwambia mgonjwa ana bakteria kwenye damu. Makohozi ya kifua kikuu: mgonjwa asiyeelekezwa vizuri huleta mate, na mate hayana habari. Tena spiriti yenyewe ni mtihani. Nimewaona wanaodhani ya asilimia 95 ni bora kuliko ya 70 kwa sababu ni kali zaidi. Inahitaji maji ili ipenye na kuvuruga protini za bakteria. Ile kali hukauka upesi kazi haijaisha. Na hata hiyo ya 70 haiui spora, hivyo jeli ya mfukoni haichukui nafasi ya sabuni na maji.

Halafu kuna ile familia ya magonjwa matatu inayojulikana mtaani kwetu kote: ukipimwa tu, una malaria, yutiai na taifodi. Taifodi hiyo mara nyingi hutokana na kipimo cha Widal, ambacho ni cha tangu 1896 na kinaangalia kinga iliyomo kwenye damu, si bakteria mwenyewe. Uliwahi kuugua zamani, au uliguswa na jamaa zake, kinaweza kusema ndiyo. Kuotesha damu ndiko kunakoaminika. Mgonjwa anayeuliza "Nesi, hivi kweli nina taifodi kila mwezi?" hamuulizi mtu wa maabara, sisi tuko nyuma ya dirisha dogo. Anamuuliza binti yako.

Na mkono wa binti yako ndio utakaokuwa mbele siku mbaya. Machi 2023 Marburg ilipotangazwa Kagera, ng'ambo hiyo tu ya ziwa, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Januari 2025 ikatangazwa tena, Biharamulo. Kirusi hicho huenda kwa damu na majimaji ya mwili. Hakina dawa ya rangi yoyote. Mtu aliyekariri neno Marburg kwa ajili ya mtihani na mtu aliyekiona kiazi cha kidole cha maji matupu hawavai glavu kwa namna moja. Hilo nimelishuhudia kwa macho, kwa wanafunzi walewale, wiki mbili kabla na wiki mbili baada.

Kuhusu majina magumu, hapo sina huruma sana. Wazazi wengi wanasema ni tatizo la Kiingereza. Si Kiingereza hicho. Mwingereza naye anakariri. Ni Kigiriki na Kilatini, hakuna mwanafunzi duniani aliyeyakuta nyumbani kwao. Lakini ukishakiona kitu, jina linajieleza. Staphyle ni kishada cha zabibu, kama zile za Dodoma zinazouzwa stendi, na kokkos ni punje: basi Staphylococcus ni punje zilizokaa kishada. Streptococcus ni punje zilizofuatana kama ushanga. Basilasi ni kijiti. Yule wa kipindupindu amepinda kama alama ya mkato. Darasa langu lilipewa picha kwanza, likabuni majina yake: "zabibu", "shanga", "njiti", "mkato". Wiki ya tatu ndipo nikawapa ya vitabuni, kwa kuwa fomu ya daktari haitaandikwa zabibu. Hawakulalamika. Walishawajua wenyeji, wakawa wanajifunza tu majina yao ya ubatizo.

Ninachowaomba wenye vyuo na wanaoandika mitaala ni kidogo. Wiki mbili za mwanzo za Maikro zisiwe na noti hata ukurasa mmoja. Hadubini itoke kabatini na ufunguo ukae kwa anayefundisha, si kwa anayesafiri. Kama hakuna mtu wa kuishika, wastaafu tupo, wengine tunashinda barazani tunahesabu daladala. Tuiteni hata kwa nauli na chai. Na mtihani uwe na kikopo mezani, na swali: kimekaa dirishani kwa muda wa saa tatu na nusu, ungefanya nini? Hilo huwezi kulikariri.

Mzazi Mwenye Uchungu, sapu ya binti yako najua iko karibu. Kama mko hapa mjini, aje kwangu Jumamosi baada ya saa nne, aulize Mwaloni kwa mama wa maabara, watamwonyesha. Hadubini ninayo ya kuazima, spiriti ipo, rangi zipo. Aje na viazi viwili, asivioshe. Wabeja sana, yaani asante sana.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Kirumba, Mwanza